Winchi ya kushushia injini kwa fundi anayefanya kazi peke yake: ipi ubebe?

Mteja anapiga simu saa mbili asubuhi. Gari ni Probox, lipo uani kwake Kigamboni, injini imenoki na gari haliwezi kutembea. Anataka injini ishushwe hapohapo, gari libaki. Huna gereji yenye boriti, kijana wako wa kazi leo yuko msibani, na usafiri wako ni gari dogo au guta la kukodi. Unahitaji winchi utakayoipakia kwa mikono yako miwili, ifike, isimame, ibebe injini, kisha jioni urudi nayo nyumbani na mgongo wako ukiwa mzima.

Nimekuwa fundi wa kufuata magari yalipo kwa miaka tisa sasa, na karibu nusu ya kazi za kushusha injini nimezifanya peke yangu. Mwanzoni nilipokwenda dukani nilisoma tani zilizoandikwa kwenye winchi, nikachukua yenye tani nyingi nikiamini ndiyo salama. Ilikuwa salama kweli, ila ilikaa nyumbani miezi minne kwa sababu sikuweza kuipandisha kwenye gari bila kuita majirani.

Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachouliza ni uzito wa kipande kizito kuliko vyote baada ya winchi kufunguliwa. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na kila mtu anaujua uzito wake mgongoni. Mtu mmoja anaweza kuunyanyua mara moja, lakini hawezi kuuingiza kwa usalama kwenye buti ya gari huku ameinama, kisha autoe, kisha aurudishe, siku tatu mfululizo. Nusu ya mfuko, kilo 25, ndicho kipimo changu. Kifaa kizima kinaweza kufika hata kilo 80, mradi hakuna kipande kinachozidi kilo hizo 25.

Injini yenyewe ina uzito gani?

Watu wengi hununua winchi kubwa kuliko kazi yao. Magari mengi ninayoitwa kuyatengeneza ni IST, Vitz, Probox, Premio na RAV4. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye Probox na kwenye IST ya cc 1500 ina bloku ya alumini, na ikitoka pamoja na gia boksi yake haifiki kilo 200. Ukitoa injini peke yake uzito unashuka sana. Injini za dizeli za Hiace, kama 3L, zina bloku ya chuma na hukaribia kilo 200 au kupita hata kabla ya kuhesabu gia boksi. Juu kabisa kuna 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2, inayopita kilo 300.

Kwa hiyo fundi wa magari madogo anahitaji kifaa kinachobeba nusu tani kwa uhakika, pale hasa ndoano inapofika. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayotofautisha vifaa hivi.

Winchi ya kukunja yenye jeki ya haidroliki

Hii ndiyo wengi wanaifahamu: miguu miwili mirefu yenye magurudumu inayopita chini ya gari, nguzo, mkono unaorefushwa, na jeki inayousukuma mkono juu. Ukimaliza unakunja miguu juu na winchi inasimama kama kiti kilichokunjwa. Neno "kukunja" limewapotosha wengi. Inakunjwa ili isichukue nafasi ukutani, lakini uzito wake unabaki uleule. Ya tani mbili huwa kati ya kilo 70 na 100. Hata ya tani moja ni nadra kushuka chini ya kilo 50.

Ukiwa na zege safi chini, hakuna kifaa kizuri kuliko hiki. Unainua injini, unavuta winchi nzima nyuma, injini inaondoka na gari halijaguswa. Tripodi (miguu mitatu ya bomba) na miti haviwezi hilo. Kwa fundi asiye na msaidizi ni faida kubwa, kwa sababu kusukuma gari peke yako ni kazi nyingine.

Sasa twende Kigamboni. Uani kuna mchanga. Magurudumu ya winchi hii ni madogo, ya chuma au plastiki ngumu, na injini ikishaning'inia yanazama. Nimejaribu kutandika mbao za kujengea chini yake. Inawezekana, lakini kila unapovuka kutoka ubao mmoja kwenda mwingine winchi inatikisika na injini inayumba, na uko peke yako, hakuna wa kuishika. Sikurudia.

Jambo la pili ni ule mkono. Una matundu, kwa kawaida manne, na kila tundu lina namba yake. Winchi nyingi za tani mbili hubeba tani mbili mkono ukiwa mfupi kabisa, na nusu tani tu ukiurefusha hadi tundu la mwisho. Ya tani moja, kwenye tundu la mwisho, huwa imebaki na kilo 250. Kwa injini ya Vitz, ambayo iko karibu na bampa, hilo halina shida. Kwa Land Cruiser yenye pua ndefu utalazimika kurefusha mkono, na hapo winchi ya tani moja imeshapitwa na uzito wa 1HZ ingawa ubavuni imeandikwa tani moja. Soma namba za matundu kabla ya kulipa. Kama zimefutika au hazipo, acha.

Jambo la tatu ni namna ya kuipeleka. Ya kwangu ya tani moja huwa naifungua vipande: mkono, jeki, miguu miwili, halafu kitako na nguzo. Kitako na nguzo nilivipima pamoja vikawa kilo 34, kwa hiyo nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akakata pale nguzo ilipochomelewa, akaweka bamba mbili zenye bolti nne. Siishauri kazi hiyo kwa kila mtu, maana hapo ndipo nguvu yote inapopita, na mchomeleaji asiye makini anaweza kukuachia kifo kwenye kiungo. Afadhali utafute winchi ambayo tangu kiwandani nguzo yake imefungwa kwa bolti. Zipo, na ukizunguka Kariakoo na Gerezani ukiwa na subira utaiona.

Jeki yenyewe usiisafirishe imelala kwa muda mrefu. Hewa huingia kwenye oili, ukifika unapampu na mkono haupandi, au unapanda kisha unashuka taratibu wenyewe. Ikitokea, fungua valvu, pampu mara kadhaa bila mzigo, funga, jaribu tena. Ikiendelea kushuka ikiwa na mzigo, sili zimechoka. Usifanye nayo kazi siku hiyo.

Na kushusha injini kwa jeki kunataka mkono mwepesi sana. Valvu ikifunguka robo zaidi ya unavyotaka, injini inadondoka sentimita tano. Wakati wa kurudisha, unapotafuta shafti ya gia boksi iingie kwenye klachi, sentimita tano ni nyingi mno.

Miguu mitatu ya bomba na cheni bloku

Hiki ndicho ninachokibeba mara nyingi zaidi, kwa hiyo nitakieleza kirefu.

Ni mabomba matatu ya chuma, yameunganishwa juu kwa bolti moja nene na pingu (kiungo cha chuma chenye umbo la U), na chini yake inaning'inia cheni bloku, kile kifaa cha kunyanyulia kwa kuvuta mnyororo kwa mkono. Bomba la inchi mbili la daraja la kati lina uzito wa takriban kilo 5 kwa mita. Mguu wa mita tatu ni kilo 15. Miguu yote ni kilo 45, lakini hubebi 45, unabeba 15 mara tatu. Cheni bloku ya tani moja yenye kunyanyua mita tatu ina kilo 10 hadi 12. Ongeza mnyororo wa kufunga miguu chini, pingu na mkanda wa kunyanyulia, na kifaa kizima hakifiki kilo 70, na kipande kizito kuliko vyote ni kile cha kilo 15. Mama yangu angeweza kukipakia.

Vipimo vinakubali? Nilivihesabu kabla ya kukata bomba. Miguu ya mita tatu ikisimama kwenye pembetatu ambayo kila upande una mita 2.2, kilele kinakuwa mita 2.7 hivi kutoka ardhini. Toa sentimita 30 za cheni bloku ikiwa imevutwa hadi mwisho, sentimita 40 za mkanda, na sentimita 65 za kimo cha injini: tumbo la injini litafika mita 1.3 na zaidi kutoka ardhini. Sehemu ya mbele ya gari dogo, pale rejeta inapofungwa, iko chini ya hapo. Injini inapita. Gari huingia katikati ya miguu miwili, mguu wa tatu ukiwa mbele ya bampa.

Mita tatu hazikai ndani ya Probox, kwa hiyo ama ufunge juu kwenye keria, ama ukate kila mguu vipande viwili na kuviunganisha kwa bomba la ndani linalobana sawasawa pamoja na pini. Nimekata mita 1.7 na 1.3. Usikate katikati kabisa, maana mguu uliobanwa kwa uzito hutaka kupindia katikati, na kiungo hakipaswi kukaa hapo.

Uzuri wa cheni bloku ni kwamba inajishika. Ukiachia mnyororo injini inabaki pale ilipo, huna haja ya kukimbilia valvu. Unavuta kidogo, unaacha, unazunguka kwenda kuangalia upande wa pili, unang'oa waya uliosahaulika, unarudi, unavuta tena. Kazi hiyo ya kuzunguka ndiyo inayomuua fundi wa peke yake anapotumia kifaa kisichojishika. Kurudisha injini nako ni utulivu mtupu: mnyororo unashusha milimita moja moja.

Ubaya wake ni kwamba injini inapanda na kushuka tu, haiendi mbele wala nyuma. Lazima gari ndilo liondoke. Kwenye zege au lami iliyolala sawa, Vitz bila injini utaisukuma mwenyewe. Kwenye mchanga hutaisukuma. Mimi hutandika mbao mbili ndefu chini ya magurudumu kabla ya kuanza kazi, gari likiwa bado na injini, kisha navuta gari nyuma kwa winchi ndogo ya leva, ile ya kuvuta kwa mpini, niliyoifunga kwenye mti au nguzo ya geti imara. Hiyo ya leva ya kilo 750 ina uzito wa kilo saba hivi na inavuta kulala, jambo ambalo cheni bloku ya kawaida haikutengenezwa kulifanya.

Na hapa kuna kitu ambacho mafundi wengi wanakisahau kwa magari ya kuvuta mbele. Ukitaka kusogeza gari baada ya kutoa injini, usichomoe shafti za magurudumu kabisa. Zitoe upande wa gia boksi tu, ziache kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na nati zake zikiwa zimekazwa, uzifunge pembeni kwa waya. Ile nati ndiyo inayobana beringi za gurudumu. Gari likitembea bila shafti kwenye habu, uzito wote unakaa kwenye beringi iliyolegea, na baada ya mwezi mteja anarudi na kelele za gurudumu ambazo wewe ndiye uliyezianzisha.

Mguu kuteleza ndiyo hatari kubwa ya kifaa hiki. Mwaka wa pili nilisimamisha miguu kwenye sakafu ya vigae ya baraza la mteja bila kufunga mnyororo chini, nikaamini ncha za mabomba. Injini ilipotoka kwenye maunti, vile vishikizo vyake, mguu mmoja ulitoka nje kama mtu anayenyoosha goti. Injini ilianguka juu ya tairi nililokuwa nimeliweka chini kwa bahati, sampu, lile beseni la oili chini ya injini, ikapasuka. Mkono wangu ulikuwa umetoka hapo sekunde chache kabla. Nilimlipa mteja sampu, na tangu siku ile sinyanyui chochote kabla ya mnyororo kuzunguka miguu yote mitatu karibu na ardhi, na kila mguu kukaa juu ya bamba la chuma lenye ukingo. Kwenye mchanga bamba linazuia kuzama, kwenye vigae na zege mnyororo unazuia kuteleza. Vyote viwili, kila mara.

Geti la chuma, mti na umeme

Wapo wanaotengeneza geti: herufi A mbili na boriti juu yake, na kitoroli kinachotembea kwenye boriti. Ni zuri kwa sababu injini inaweza kusogea pembeni. Lakini boriti ya mita tatu, hata ile nyembamba ya milimita 100, ina kilo 24 hivi, na unatakiwa kuiweka juu ya kichwa chako, peke yako, juu ya vitu viwili visivyosimama mpaka boriti ikae. Nimefanya mara moja kwenye geti la kuazima. Kwa watu wawili ni kifaa kizuri mno. Kwa mmoja, sitaki.

Mwembe una sifa yake, na wazee waliotufundisha walishusha injini nyingi chini ya miembe. Kwa uzito wa kubeba, hakuna kinachoushinda: unabeba cheni bloku tu, kilo 12. Ila tawi lazima liwe nene kama paja la mtu mzima, liwe bichi, na ufunge karibu na shina. Tawi kavu halitoi onyo. Boriti za paa la nyumba nazikataa kabisa, hata mwenye nyumba akisisitiza. Kenchi za paa zimejengwa kubeba mabati na upepo, hazikujengwa kubeba kilo 200 zilizoning'inia sehemu moja.

Vile viwinchi vidogo vya umeme vinavyouzwa kwa bei nafuu, vyepesi na vya kupendeza, vichunguze namba. Kikiandikwa 200, kwa kawaida namba hiyo ni ya kamba ikiwa imekunjwa mara mbili kupitia kapi. Kamba moja inabeba 100. Vinaanza kwa mshtuko na havina mwendo wa polepole. Umeme ukikatika injini ikiwa nusu njia, unakaa na kusubiri. Kwa kurudisha injini, mimi hapana.

Magari ambayo winchi haiyahusu

Hiace za zamani na Noah zenye injini chini ya viti vya mbele hazishushwi kwa winchi yoyote niliyoitaja, kwa sababu juu ya injini kuna sakafu na viti. Injini huteremshwa chini. Ukiwa na jeki ya magurudumu, stendi nne imara na kitoroli cha mbao chenye magurudumu ya mpira, unaweka kitoroli chini ya injini kiibebe, unafungua maunti, unainua bodi mpaka injini itoke chini yake. Gari linatakiwa kupanda juu kuliko kimo cha injini pamoja na kitoroli, kwa hiyo stendi ndogo za kwenye buti hazifai. Panda kidogo kila upande, uweke stendi, kisha upande mwingine. Usiingie chini gari likiwa juu ya jeki tu. Kama wateja wako wengi ni wa daladala za Hiace, fedha ya winchi inunulie stendi nzuri.

Mimi ningekushauri hivi

Kama unafanya kazi mahali pamoja penye zege na ni mara chache unaitwa nje, nunua winchi ya kukunja ya tani mbili, usijali uzito wake. Haitoki pale, na ule mkono mrefu wa nusu tani utakufaa siku Land Cruiser itakapokuja.

Kama unaitwa nje lakini kwa wateja wenye sakafu nzuri, na una pikapu au kirikuu chenye bodi ya chini, ya tani moja inayofunguka kwa bolti inatosha kwa magari madogo. Kabla hujalipa, ifungue mwenyewe palepale dukani na unyanyue kila kipande mpaka kimo cha bodi ya gari lako. Muuzaji atakayekukatalia umemjua.

Kama wewe ni kama mimi, leo Kigamboni, kesho Mbagala, keshokutwa uani kwa mtu Tegeta kwenye mchanga na mteremko, chukua miguu mitatu na cheni bloku ya tani moja. Gharama yake ni ndogo kuliko winchi ya kukunja hata ukimlipa mchomeleaji vizuri. Usiweke akiba kwenye cheni bloku yenyewe: angalia ndoano iwe na kile kilimi cha kufunga, macho ya mnyororo yasiwe yamelika wala kupinda, na uzito inaoweza kubeba uwe umechapwa kwenye chuma, usiwe stika tu.

Mkanda pia una hesabu yake. Ukifunga injini kwa sehemu mbili kwa mkanda mfupi sana, ile pembe kati ya mikanda inapanuka, na ikifika digrii 120 kila upande unabeba uzito wote wa injini kana kwamba uko peke yake. Mkanda mrefu kidogo ni afadhali kwa nguvu, ila unakula kimo. Mimi nimeganda kwenye sentimita 40 za kimo, na nafunga kwenye masikio ya injini yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, sifungi kwenye manifodi (mabomba ya hewa na moshi).

Kifaa chochote utakachotengeneza au kununua, usikijaribu kwa mara ya kwanza juu ya gari la mtu. Tafuta pipa la lita 200, lifunge mkanda vizuri, lisimamishe chini ya winchi, kisha ulijaze maji kwa hosi likiwa palepale. Likijaa ni zaidi ya kilo 200, uzito wa injini na gia boksi ya Probox na ziada. Linyanyue sentimita 20, lisiende juu zaidi, sogea pembeni, uliache saa nzima. Ukirudi pima tena zile sentimita, angalia miguu kama imesogea, viungo kama vimefunguka, pini kama imepinda. Kisha toboa matundu ya kumwagia maji bustani, kama mimi, au mwaga uanze safari.